Uliza Fundi: Vihisi Vitatu, Siri Moja

Barua tatu za mwezi huu zimetoka sehemu tofauti, lakini zote zinagusa jambo moja: namna ya kuficha habari za watu katika mitambo ambayo hupima kitu kilekile kwa njia zaidi ya moja. Nimezipanga zifuatane kwa sababu jibu la kwanza ndilo linalobeba mengine.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa jengo lenye fleti nane huku Upanga, Dar es Salaam. Juu ya jengo kuna tangi la maji lenye sakafu ya mita mbili kwa mbili na kimo cha mita mbili na nusu. Ndani yake mna vihisi vitatu vya kupima kina, kwa sababu tulipokuwa na kimoja kiliwahi kufa usiku na pampu ikamwaga maji hadi alfajiri. Tuna pia mita ya maji yanayoingia kwenye tangi, mita mama ya maji yanayotoka, na mita ndogo kwa kila fleti. Kampuni inayotuangalizia mtambo kwa mbali hupokea vipimo vyote kila baada ya dakika kumi. Mpangaji wa namba tano, ambaye husafiri mara kwa mara na hapendi ijulikane, aliomba habari zake zisitumwe. Nikaiondoa mita yake kwenye ripoti. Kwa tahadhari zaidi, nikaandika programu ndogo inayobadilisha vipimo vya kina kwa tarakimu za kubahatisha, kila kihisi na yake, hadi sentimita kumi juu au chini. Wiki mbili baadaye kijana wa kampuni alinipigia simu kuhusu pampu, na kabla ya kukata akasema, “Naona yule wa namba tano amerudi.” Amejuaje? Fundi wa Upanga.

JIBU: Ndugu fundi, kijana huyo hakuhitaji ujanja. Alihitaji hesabu ya kutoa ambayo watoto hufundishwa wakiwa wadogo. Tuseme kwamba katika saa moja ya asubuhi mita mama ilihesabu lita 412, na mita saba ulizoziacha kwenye ripoti zikajumlika lita 371. Zinabaki lita 41, na maji hayo hayana mahali pengine pa kwenda ila fleti namba tano. Kumwondoa mtu kwenye orodha huku ukiacha jumla na majina ya wenzake wote ni sawa na kumtaja, tena kwa sauti zaidi, kwa maana sasa yeye ndiye pekee mwenye pengo.

Ungesema basi nifiche na mita mama. Isingetosha, kwa sababu tangi lenyewe linasema. Sakafu yake ni mita nne za mraba, kwa hiyo kila sentimita moja ya kina ni lita 40. Kina kikishuka sentimita tano katika dakika kumi, tangi limepungukiwa lita 200. Na ikiwa katika dakika hizohizo mita ya kuingia imepitisha lita 60, basi kilichotoka ni lita 260, iwe mita mama ipo kwenye ripoti au haipo. Umeificha mita, lakini umewaacha wenzake wawili ambao wakikaa pamoja wanaijua habari yake yote. Hata daftari la pampu, linaloandika saa ilipowaka na saa ilipozimika, ni mita ya kuingia iliyovaa nguo nyingine, mradi mtu anajua pampu yako inasukuma lita ngapi kwa dakika.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapojikwaa, nami nimewahi kujikwaa papo hapo. Tunaposikia habari ya vipimo rudufu, yaani vinavyorudia kupima kitu kilekile, tunafikiria vile vihisi vitatu vinavyofanana, kwa kuwa tunaviona kwa macho vimepangwa ubavu kwa ubavu. Urudufu mkubwa zaidi hauonekani: uko katika sheria ya kwamba maji hayapotei njiani, na kwamba jumla ni lazima ilingane na vipande vyake. Kabla ya kuamua kuficha kipimo chochote, chukua karatasi, andika vipimo vyote vinavyotoka nje ya jengo, kisha jiulize kwa kila kimoja kama vilivyobaki vinaweza kukikokotoa. Kama vinaweza, kukiondoa hicho kimoja hakujafanya kazi yoyote.

Sasa tuzitazame zile tarakimu zako za kubahatisha, ambazo wataalamu huziita kelele. Wazo lenyewe si baya. Tangu mwaka 2006, Cynthia Dwork, Frank McSherry, Kobbi Nissim na Adam Smith walipochapisha namna ya kupima kihesabu ni kiasi gani cha kelele kinamlinda mtu mmoja ndani ya takwimu za wengi, njia hii imekuwa nguzo ya kazi za faragha, na mwaka 2014 Jerome Le Ny na George Pappas waliileta kwenye mifumo ya udhibiti, ambako vipimo haviji mara moja bali hutiririka saa zote. Kosa lako ni kukipa kila kihisi kelele yake peke yake. Kelele ya kubahatisha kati ya kumi chini na kumi juu hupotoka kwa kawaida kiasi cha sentimita 5.8. Ukichukua wastani wa vihisi vitatu, upotofu huo unashuka hadi kama sentimita 3.3, maana kelele za huyu na yule zinafutana. Usiku watu wakiwa wamelala na maji yametulia, saa nne za vipimo vya kila dakika kumi zinakupa vipimo 24 kwa kila kihisi, yaani 72 kwa jumla, na wastani wa vyote hivyo unapotoka kwa chini ya sentimita moja. Ulifunika tangi kwa pazia la sentimita kumi, na kufika asubuhi limebaki la upana wa ukucha. Wala mtu hahitaji kungoja maji yatulie, kwa sababu kichujio alichokiandika Rudolf Kalman mwaka 1960, ambacho leo kimo ndani ya simu na ndege, kazi yake ni hiyohiyo ya kufuata kitu kinachosogea kupitia vipimo vyenye kelele, na kadiri vipimo vinavyokuwa vingi ndivyo kinavyoona vizuri zaidi.

Wahenga wetu walisema njia ya mwongo ni fupi, na katika baraza lenye mashahidi wengi huwa fupi zaidi. Mashahidi watatu wakidanganya kila mmoja kivyake, kadhi mwenye subira ataipata kweli katikati yao. Wakikubaliana neno moja kabla ya kuingia barazani, kadhi hana pa kushika. Vihisi vyako ni mashahidi. Ukitaka kumficha namba tano, ni lazima viseme neno moja.

Nitakuonyesha kwa tarakimu. Kina halisi kwa vihisi vyako vitatu ni mita 1.82, 1.83 na 1.82. Programu yako ichague tarakimu moja tu ya kubahatisha, tuseme sentimita saba, na iviongezee vyote vitatu. Zitatoka 1.89, 1.90 na 1.89. Mpokeaji akipiga wastani anapata 1.89, na hakuna hesabu inayoweza kumrudisha kwenye 1.82 kwa kuvilinganisha vihisi, kwa sababu vyote vimehama pamoja. Lakini tazama kilichobaki salama: tofauti kati ya kihisi na kihisi ni ileile, sentimita moja hapa, sifuri pale. Kihisi cha tatu kikiharibika na kuanza kusoma 1.40, ripoti itaonyesha 1.47, na kijana wa kampuni ataona mara moja kwamba kimeachwa nyuma na wenzake.

Jambo hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote katika barua hii. Vipimo rudufu hubeba habari za aina mbili. Kuna lile ambalo vihisi vinakubaliana, nalo ni hali ya tangi, ambayo ndiyo siri ya wapangaji. Na kuna lile ambalo vinatofautiana, nalo ni hali ya vihisi vyenyewe, ambayo haimhusu mpangaji yeyote na ndiyo fundi wa mbali anayoihitaji. Kelele iliyomwagwa kwenye tofauti haimlindi mtu, maana ndiyo inayochujwa kwanza. Inamharibia fundi kazi tu. Kelele iliyowekwa kwenye makubaliano haichujiki kwa kulinganisha. Kwa hiyo tuma tofauti zikiwa wazi kabisa, na ufunike makubaliano. Afadhali zaidi, usitume namba tatu. Chukua ile ya katikati kati ya vihisi vitatu, iongezee kelele, itume hiyo moja, na ukipenda iandamane na neno fupi kwamba kihisi fulani kizima au kibovu.

Ukishaelewa hivyo kwa vihisi pacha, panua kwa mita. Ukisema kwamba zimetoka lita 20 zaidi ya zilizotoka kweli, ni lazima tangi nalo lionekane limeshuka nusu sentimita zaidi, la sivyo umerudi kwa mashahidi wasiopatana. Hapa pana mtego ambao hauonekani hadi siku ya pili. Ukianza kwa kuongeza kelele kwenye mtiririko, makosa yanajilimbikiza tangini: kelele ya kawaida ya lita 20 kila dakika kumi, kwa vipindi 144 vya dakika kumi katika siku nzima, hulisogeza tangi la kwenye ripoti kiasi cha lita 240, ambazo ni sentimita sita, na wiki ikipita utakuwa umelisogeza kiasi cha sentimita 16, na upotofu unaendelea kukua. Anza upande wa pili. Weka kelele kwenye kina, kisha mtiririko wa kwenye ripoti ukokotolewe kutokana na kina hicho. Hapo upotofu wa kina hauzidi mpaka uliouweka, na jumla ya mwezi inabaki karibu na ukweli, ingawa vipande vya dakika kumi kumi vimefunikwa. Mara moja moja ripoti itaonyesha maji yakirudi kutoka bombani kwenda tangini. Lainisha kelele ibadilike polepole, kwa mwendo wa saa badala ya dakika, na jambo hilo litapungua sana. Kelele ya polepole ina faida nyingine pia, kwa maana inafanana na mwendo wa watu wanaoingia na kutoka, na kichujio hakiwezi kuitenga kwa urahisi na kitu kinachofanana nacho.

Lakini, ndugu yangu, kabla ya kuandika mstari wowote wa programu, waulize wale wa kampuni wanazihitaji mita nane ndogo kwa kazi gani. Kuangalia pampu na tangi hakuhitaji kujua fleti ipi imeoga. Bili zinaweza kusomwa hapo jengoni mara moja kwa mwezi. Mimi ningezitoa zote nane kwenye ripoti, nikabaki na kina kimoja chenye kelele, tofauti za vihisi, na joto la mota ya pampu. Na chochote utakachofanya, pampu yenyewe iendelee kuongozwa na vipimo halisi ndani ya kontrola ya jengo. Kelele iwekwe kwenye mlango wa kutokea nje, isiingie kamwe kwenye mkondo unaowasha na kuzima mota.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa tatu, Dodoma. Tumefundishwa kuhusu vipimo rudufu na nimejiuliza mambo mawili. Kwanza, kama urudufu ndio unaovujisha siri, kwa nini tusiondoe vihisi vya ziada tukabaki na kimoja? Pili, kama kelele iliyopangwa vizuri inapita bila kugunduliwa na ukaguzi wa makosa, si adui naye anaweza kutumia mlango huohuo? Mwanafunzi, Dodoma.

JIBU: La kwanza nitalijibu kwa ukali kidogo, unisamehe. Usiondoe. Mfumo wa ndege ya Boeing 737 MAX uliokuwa ukiishusha pua ya ndege ulisikiliza kihisi kimoja tu cha pembe ya bawa dhidi ya hewa inayokuja kwa wakati mmoja, ingawa ndege ilikuwa na viwili. Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air ilianguka baharini karibu na Jakarta, na tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka dakika chache baada ya kupaa. Watu 346 walikufa katika ajali hizo mbili, na 32 kati yao walikuwa Wakenya. Marekebisho yaliyofanywa baadaye yaliulazimisha mfumo ulinganishe vihisi vyote viwili na ujizuie vinapopishana. Faragha ni haki, lakini hainunuliwi kwa kung’oa kile kinachomfanya mtu afike nyumbani. Vihisi vyote vibaki mahali pake. Kinachochujwa ni kile kinachotoka nje.

La pili umeuliza vizuri sana, na jibu ni ndiyo. Chimbuko lake liko kwenye gridi za umeme. Mwaka 1970 Fred Schweppe wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, alionyesha jinsi ya kutumia vipimo vingi kuliko vinavyohitajika kukadiria hali ya gridi nzima, na jinsi ziada hiyo inavyomwezesha mwendeshaji kukitambua kipimo kibovu kwa kuwa hakipatani na vingine. Karibu miaka 40 baadaye, mwaka 2009, Yao Liu, Peng Ning na Michael Reiter walionyesha kwamba mshambuliaji anayeujua muundo wa gridi anaweza kupotosha vipimo kadhaa kwa mpango mmoja, vikabaki vinapatana, na ukaguzi usitoe onyo lolote. Ni hesabu ileile niliyompa fundi wa Upanga. Kelele yake ya faragha na uongo wa mshambuliaji vinapita njia moja, tofauti ni nani aliyeupanga uongo na kwa ajili ya nani.

Kwa hiyo anayeweka kelele hana budi kuweka na kufuli. Tarakimu za kubahatisha zizalishwe na ufunguo wa siri unaokaa ndani ya jengo, kiasi kwamba mwenye ufunguo anaweza, siku ya hitilafu au ya uchunguzi, kuzizalisha upya na kuzitoa, akapata vipimo halisi bila kupungua hata nukta. Ripoti itiwe sahihi ya kidijitali ili mpokeaji ajue imetoka kwenye kontrola yenyewe na haikuguswa njiani. Na vipimo halisi vihifadhiwe ndani, kwenye daftari ambalo haliandikwi upya. Kumbuka habari ya Stuxnet, programu haribifu iliyogunduliwa mwaka 2010: ilipokuwa ikiharibu mashinepewa, yaani mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa, za kurutubishia urani huko Natanz, Iran, iliwaonyesha waendeshaji vipimo vya kawaida vilivyorekodiwa siku za nyuma. Waendeshaji waliketi mbele ya skrini zenye amani. Ndiyo sababu sipendi kabisa, na nimeshasema, kelele ya aina yoyote iingie kwenye skrini ya anayeendesha mtambo kwa mkono.

Swali utakaloulizwa na mwalimu wako ni hili: je, kelele ya pamoja inatosha milele? Haitoshi. Katika njia ile ya mwaka 2006 kuna kipimo kiitwacho epsiloni, nacho ni kama akiba ya faragha: kila ripoti unayotoa inakula sehemu yake. Ukituma kila sekunde, siku moja ina ripoti 86,400. Ukituma kila robo saa, ina 96. Ukubwa wa kelele usipobadilishwa, na kila ripoti ikawa na kelele yake mpya, mpokeaji wa ripoti za kila sekunde anaweza kupiga wastani unaoipunguza kelele hiyo karibu mara 294, wakati yule wa robo saa anaipunguza chini ya mara kumi. Urudufu wa vihisi na urudufu wa muda ni ndugu. Fundi anayezingatia mmoja akasahau mwingine amefunga mlango wa mbele na kuacha wa uani wazi.

SWALI: Ndugu Mhariri, nina nyumba ya wageni hapa Mombasa yenye paneli za sola, betri na inveta inayotuma habari kwenye programu ya simu. Nimegundua kwamba waliotufungia wanaona kila kitu, na wageni wangu wengine ni watu wanaotaka utulivu. Nililalamika, wakaniambia wameshaficha wati. Sasa kwenye programu naona volti, ampia na asilimia ya betri tu. Je, wageni wangu wamelindwa? Mama wa Nyumba ya Wageni, Mombasa.

JIBU: Mama, shikamoo, na pole. Chukua kikokotoo. Programu ikionyesha volti 240 na ampia 8.3, zidisha. Utapata takriban wati 2,000, yaani birika la chai limewashwa, na saa iliyo pembeni inasema ni saa kumi na moja alfajiri. Walichokificha ni jibu la hesabu huku wakiacha maswali yake yote mawili mezani.

Betri nayo ni tangi, kama lile la fundi wa Upanga. Ikiwa betri yako ni ya kilowati-saa tano na usiku, bila jua, imeshuka kutoka asilimia 80 hadi 70 katika saa moja, nyumba imetumia nusu kilowati-saa, wastani wa wati 500. Mtu aliyelala peke yake gizani, bila kiyoyozi, kwa kawaida hatumii wati 500. Kwa hiyo hata volti na ampia zikifichwa, asilimia ya betri inabaki ikisimulia, ingawa kwa sauti ndogo zaidi.

Usidhani wasiwasi wako ni wa bure. George Hart, aliyekuwa MIT miaka ya 1980, ndiye aliyeonyesha kwamba kwa kupima umeme mahali pamoja tu, kwenye mlango wa nyumba, unaweza kutambua friji imewaka lini na hita imezimwa lini, kwa sababu kila kifaa kina hatua yake ya kupanda na kushuka. Mwaka 1989 yeye mwenyewe aliandika kuonya kwamba ugunduzi huo unaweza kutumika kuwachungulia watu. Mwaka 2009 Baraza la Seneti la Uholanzi lilikataa mita za kisasa kufanywa za lazima, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa faragha. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ya Marekani, katika kesi ya wakazi wa mji wa Naperville, jimbo la Illinois, ilisema kwamba mita inayosoma matumizi kila dakika 15 inapekua nyumba kwa maana ya katiba yao, ingawa katika kesi ile majaji waliona upekuzi huo unakubalika kwa kuwa lengo lake halikuwa la kipolisi. Neno “kupekua” lilinikaa moyoni niliposoma hukumu hiyo. Mita haigusi mlango, lakini inajua nani ameingia.

Kwa upande wako kuna mambo matatu ya kuwaambia mafundi hao, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 iko nyuma yako, maana inataka data inayokusanywa iwe ile tu inayohitajika kwa kazi iliyotajwa. (Kwa wasomaji wa Tanzania, sheria yetu ya taarifa binafsi ni ya mwaka 2022, nayo ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023.) Waambie wakupe orodha kamili ya kila namba inayotoka kwenye inveta, hata ile isiyoonekana kwenye simu yako, kwani mara nyingi kilichofichwa kwenye skrini bado kinakwenda kwenye seva. Kisha waeleze kwamba kwa kazi ya matengenezo wanahitaji kujua kama paneli zinazalisha sawasawa, kama betri inachakaa, na kama inveta inapata joto. Hayo yote yanapatikana kwa jumla ya siku moja na alama za hitilafu. Jumla ya siku itumwe usiku wa manane, mara moja. Volti ya betri ya kila sekunde ibaki ndani ya kifaa, na ikitokea hitilafu wewe ndiye utakayeifungua.

Kuna njia nyingine ambayo mama anaweza kuipenda zaidi, kwa sababu haihitaji kusema uongo hata kidogo. Ikiwa nyumba yako pia imeunganishwa na gridi, inveta inaweza kupangwa ivute kutoka gridi kiasi kilekile saa zote, tuseme wati 400, na betri ikafidia kilichozidi au kupokea kilichobaki. Mita ya kampuni ya umeme itaona mstari ulionyooka, wageni wawepo wasiwepo, na mstari huo ni wa kweli. Watafiti wamekuwa wakiichunguza njia hii kwa miaka mingi, na ugumu wake ni mmoja: betri ikijaa kabisa au ikiisha, haiwezi tena kufidia, na mstari unakatika hapohapo, jambo ambalo nalo ni habari. Betri ya kilowati-saa tano inatosha kwa birika na feni, lakini kiyoyozi cha vyumba vinne kitaimaliza kabla ya usiku kwisha.

Na ukiamua kuifuata njia hiyo, hakikisha ile asilimia ya betri haitumwi popote. Mita itanyamaza, lakini betri itakuwa imebeba simulizi yote ya nyumba mgongoni mwake.